Pea Tatu za Viatu, Mashtaka Manne: Muuzaji, Elewa Hesabu ya Sheria

Leo siongelei kapsheni wala namna ya kupiga picha mzigo. Naongelea kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua mpaka kilipogonga mlango wa fremu yangu: kwa nini mtu anafanya jambo moja, siku moja, halafu akifika mahakamani anasomewa makosa matatu, manne, hata zaidi.

Niseme mapema, mimi sio mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne. Nina fremu ndogo Mbagala, nauza viatu vya kike, na wateja wangu wengi wananipata mtandaoni. Haya nimeyajua kwa kukaa kwenye benchi la mahakama, kumsumbua mteja wangu mmoja anayesomea sheria, na kusoma sheria zenyewe usiku kwenye simu mpaka chaji inaisha. Ukiwa na kesi yako, tafuta wakili. Lakini ukiwa muuzaji wa mtandaoni Tanzania, soma mpaka mwisho, maana kuna sehemu yangu na inawezekana kuna sehemu yako.

Ilivyoanza

Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi. Oda zinamiminika, simu haikai chini. Akaja mteja mmoja, jina lake limeandikwa "Mwalimu" fulani, picha yake ni mama wa makamo amevaa ushungi, mtu mzima wa heshima. Akachagua pea tatu, kila moja elfu 55, jumla 165,000. Hakuomba hata kupunguziwa. Hapo tu ningeshtuka, mteja gani wa Dar haombi kupunguziwa?

Baada ya dakika kumi akatuma picha ya meseji ya muamala. "Nimeshalipa mdogo wangu, angalia." Nikaangalia picha. Jina la mpokeaji sawa, kiasi sawa, kumbukumbu namba ipo, saa ipo. Sikuangalia salio. Nikampa bodaboda mzigo, ukaenda.

Usiku nafunga hesabu, 165,000 haipo. Napiga simu, haipatikani. Bodaboda ananiambia, "Dada, aliyepokea sio mama. Ni kijana, tulikutana kituoni."

Nilienda polisi, nikachukua RB. Wiki kadhaa zikapita, wakampata. Walivyompata ni kazi yao, sitaeleza. Kesi bado inaendelea, kwa hiyo sitaji jina la mtu wala la mahakama. Mpaka naandika hapa yule kijana ni mshtakiwa, hajahukumiwa, na naomba tuheshimu hilo.

Siku aliyosomewa mashtaka nilikuwepo. Nilitegemea kusikia kitu kimoja: kanidhulumu viatu. Karani akasoma shtaka la kwanza: kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Nikasema moyoni, hewala, ndiyo hiyo. Akaendelea. Shtaka la pili: kughushi kwa kutumia mfumo wa kompyuta. La tatu: kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. La nne: kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Tulipotoka nje, mama mmoja akanifuata chini ya mwembe. Alikuwa mama yake. Amefunga pesa kwenye pindo la kanga.

"Mwanangu, mimi sijasoma," akaniambia. "Mwanangu kachukua viatu vyako pea tatu, kweli kakosa. Sasa haya mengine matatu yametoka wapi? Wanamwongezea?"

Sikuwa na jibu. Nilibaki nimesimama tu. Swali lake ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Fremu moja, madeni matatu

Jibu nililolipata ni hili: sheria haihesabu tukio. Inahesabu ni mambo mangapi yamevunjwa ndani ya tukio.

Chukua mfano wetu sisi. Umefungua fremu moja, biashara moja. Lakini mwenye nyumba anataka kodi yake ya pango, halmashauri inataka leseni, TRA wanataka kodi yao. Usipowalipa wote watatu, huwezi kumwambia afisa wa halmashauri, "Aah, mimi nina fremu moja tu, nadaiwa na mwenye nyumba, inatosha." Kila mmoja anadai chake. Ukimlipa mmoja, wengine wawili wapo palepale mlangoni.

Makosa ya jinai nayo ni hivyo. Tukio ni moja, lakini ndani yake unaweza kumkosea mtu huyu kwa mali yake, yule kwa jina lake, na umma kwa uaminifu wa mfumo ambao wote tunautegemea. Kila kilichovunjwa kina sheria inayokilinda, na kila sheria ina shtaka lake.

Sasa turudi kwenye mashtaka manne, tuone kila moja lilikuwa linamlinda nani.

La kwanza ni langu. Kujipatia mali kwa udanganyifu lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, sheria ya zamani ambayo ilikuwepo kabla hata simu za mkononi hazijafika nchini. Inamwangalia mwenye mali. Mtu amekuambia kitu cha uongo akijua ni uongo, wewe ukaamini, kwa kuamini huko ukatoa mali yako. "Nimeshalipa" ndio uongo. Viatu ndio mali. Kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

La pili ni la ile picha ya muamala. Hili linatoka kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Hapa sheria haiulizi kwanza nani kapoteza nini. Inauliza: umetengeneza au kubadilisha taarifa za kielektroniki ili mtu azichukulie kama ni za kweli? Fikiria vizuri. Hata kama ningeshtuka, nikaangalia salio, nisitume viatu, ile meseji ya kughushi ingekuwa tayari imeshatengenezwa. Mimi nisingepoteza kitu, lakini kosa hilo lingekuwepo. Na hapa ndipo nilipokaa kimya nikasoma mara mbili: adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 20, au mara tatu ya faida aliyoipata, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote pamoja. Viatu vilikuwa vya 165,000.

La tatu ni la mwalimu. Kumbe yule mama wa kwenye picha ni mtu wa kweli. Ni mwalimu mkoani, hajui hata mimi nipo duniani. Picha yake na jina lake vimechukuliwa vikavalishwa utapeli. Angekuwa na bahati mbaya, ningemsambaza yeye kwenye magrupu yote ya wauzaji na maandishi mekundu, TAPELI HUYU. Sheria ileile ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kupitia mfumo wa kompyuta, na simu yako ya kiganjani imo humo. Faini yake haipungui milioni 5, au mara tatu ya faida aliyoipata ikiwa ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote.

La nne ni la mzee mmoja. Laini iliyotumika ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mzee wa kijijini. Mzee alieleza kwamba alienda kwa wakala kusajili laini yake, akaweka dole gumba, akaambiwa "haijasoma, weka tena." Akaweka tena. Dole la kwanza lilimpa yeye laini. La pili lilimpa mtu mwingine. Ndio maana kuna sheria na kanuni za usajili wa laini: ili namba ikitenda jambo, ijulikane aliyetenda ni nani.

Umeona? Mimi, mfumo wa malipo, mwalimu, mzee. Kijana alikaa na simu yake pengine nusu saa tu, lakini ndani ya nusu saa hiyo waliguswa watu wote hao. Hawajamwongezea. Wamehesabu.

Kwa nini yote yamewekwa kwenye karatasi moja?

Karatasi inayosomwa pale inaitwa hati ya mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu makosa kadhaa kuwekwa kwenye hati moja kama yanatokana na mambo yaleyale, au kama ni mfululizo wa makosa ya aina moja au yanayofanana. Kila kosa linapewa aya yake: kosa lenyewe ni lipi na chini ya sheria gani, halafu maelezo yake, nani, lini, wapi, alifanya nini.

Kuna faida kwa pande zote. Mimi shahidi ninaitwa kueleza habari yangu mara moja, sio mara nne kwenye kesi nne huku fremu imefungwa. Mshtakiwa naye anajibu yote sehemu moja, halafu maisha yanaendelea. Na kama kuweka pamoja kunamchanganya au kunamuumiza kwenye utetezi wake, mahakama inaweza kuamuru yatenganishwe.

Mambo matatu watu wengi wanayachanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao:

Moja, mashtaka mengi sio hukumu nyingi. Kila shtaka linasimama kwa miguu yake na linathibitishwa kivyake. Upande wa mashtaka ukithibitisha la kwanza, hilo peke yake halithibitishi la nne. Inawezekana kabisa mtu akatiwa hatiani kwa mawili na kuachiwa kwa mawili. Kwa hiyo ukisikia "fulani ana makosa kumi na mbili," usikimbilie kusema ameisha. Ni madai kumi na mawili yanayosubiri ushahidi.

Mbili, hakuna kuadhibiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Hilo sheria yetu inalikataza. Lakini angalia neno: kosa lilelile. Kujipatia mali kunahitaji mali iwe imetoka, kughushi hakuhitaji. Kughushi kunahitaji kitu cha uongo kiwe kimetengenezwa, kujipatia mali kunaweza kufanyika kwa mdomo tu bila karatasi wala picha. Kila moja lina kitu ambacho mwenzake hana. Ndio maana ni makosa mawili.

Tatu, kuna mashtaka mbadala. Tuseme polisi wamekuta viatu vya wizi kwa mtu. Je, ni yeye kaiba au kapokea huku akijua ni vya wizi? Wanaweza kuandika wizi, na chini yake kama mbadala, kupokea mali ya wizi. Hapo mahakama haiwezi kumkuta na hatia kwa yote mawili kwa mali ileile. Aliyeiba hawezi kujipokelea mwenyewe. Ni hili au lile.

Vifungo vinajumlishwaje?

Hili mama yake aliniuliza pia, na ni swali linalotisha familia nyingi. Mtu akipatikana na hatia kwa zaidi ya kosa moja, kila kosa linapewa adhabu yake. Kisha hakimu anasema zitatumikiwa vipi. Tuseme kosa moja miaka mitatu, lingine miwili. Zikienda pamoja, atakaa mitatu, maana ile miwili inaliwa ndani ya mitatu. Zikifuatana, ni mitano. Kwa makosa yaliyotokana na tukio moja, mahakama zetu kwa kawaida huamuru ziende pamoja. Ndio maana kwenye habari unasikia "atatumikia kwa pamoja." Sio huruma tu, ni namna ya kukubali kwamba tukio lilikuwa moja ingawa makosa ni mengi. Faini ni habari nyingine, hiyo huwezi kuila ndani ya mwenzake. Kila moja inalipwa.

Toka 2019 pia kuna utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa. Mshtakiwa na upande wa mashtaka wanaweza kukubaliana akiri baadhi ya makosa, mengine yaondolewe, na mahakama ikiridhika inayapokea. Hapo wakili ni muhimu sana. Usikiri kitu mahakamani kwa sababu jirani kakwambia itaisha haraka.

Je, ningeweza kusamehe?

Chini ya ule mwembe, mama alifungua pindo la kanga. Elfu 80, noti zimekunjwa mpaka zimekuwa kama vidonge. "Nyingine nitaleta mwisho wa mwezi. Futa kesi, mwanangu."

Wadau, mimi sio jiwe. Mama yangu naye anauza maandazi. Nilitamani kuzichukua, niseme imeisha. Lakini sikuzichukua pale. Nilimshika mkono tukarudi ndani kwa mpelelezi, tukamweleza wote wawili.

Afande alinieleza kitu ambacho sasa nakielewa. Kesi ya jinai inaendeshwa na Jamhuri. Mimi ni mlalamikaji na shahidi, sio mwenye kesi. Mwenye mamlaka ya kuiondoa ni upande wa mashtaka. Ninaweza kusema nimesamehe, ninaweza kueleza nimelipwa, na mahakama inaweza kulizingatia hilo, pia inaweza kuamuru nilipwe fidia. Lakini kumbuka hesabu yetu. Hata nikisamehe viatu vyangu, je, naweza kumsamehea mwalimu jina lake? Naweza kumsamehea mzee dole gumba lake? Msamaha wangu unafika kwenye shtaka la kwanza tu. Yale mengine sio yangu kuyasamehe.

Na ukipokea pesa kimyakimya kwa sharti la kwamba usiende kutoa ushahidi, unaweza kujikuta na wewe una hati yako.

Sehemu yangu

Hapa ndipo penye aibu yangu. Wakati naandikisha maelezo, afande aliniuliza, "Namba ya biashara ni hii? Imesajiliwa kwa jina la nani?"

Nikasema, "La mjomba."

Akaweka kalamu chini.

Nilianza kuuza kabla sijapata kitambulisho cha NIDA. Mjomba akanisajilia laini, nikaizoea, wateja wakaizoea, miaka ikapita. Mimi niliyekuja kulalamika kwamba nimetapeliwa na mtu mwenye laini ya mtu mwingine, nilikuwa nauza kwa laini ya mtu mwingine. Afande hakunifungulia kitu, alinipa onyo na kuniambia nikarekebishe. Lakini angetaka? Na kama siku moja mteja angenilalamikia kwamba sijatuma mzigo, mambo yangeanza na viatu, yangeishia na laini, na mjomba wangu masikini angeitwa wa kwanza.

Siku ya pili yake nilikuwa dukani kwa mtandao wa simu. Sasa laini ni yangu, na nimechukua lipa namba kwa jina la biashara.

Kwa hiyo jikague. Haya ni mambo ya kawaida kabisa kwetu wauzaji, na kila moja linaweza kuzaa zaidi ya shtaka moja:

1. Kubadilisha risiti au picha ya muamala. "Niwekee elfu 90 kwenye risiti nikamwoneshe bosi." Kuitengeneza ni kughushi. Kuiwasilisha kwa mtu kama ya kweli ni kosa jingine. Bosi akilipa, ni la tatu. Na wewe uliyemtengenezea mteja umo kwenye kughushi, ingawa faida hujaila.

2. Kutumia jina, nembo na picha za ukurasa mkubwa ili wateja wadhani ni wewe. Ni kujifanya mtu mwingine. Akilipa mteja, ni udanganyifu. Kwenye laini ya rafiki, ni la tatu.

3. Mzigo wenye nembo za kughushi. Kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ndio wanaokagua. Kama mzigo huo uliingia kwa kukwepa ushuru, inakuja na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Robota moja, sheria mbili, na ukiwa ulimwambia mteja ni "orijino" anaweza kuongeza la kwake.

4. Kupokelea watu pesa. Hili naomba usome polepole. Mtu anakwambia, "Pesa ya mteja wangu itaingia kwako, toa unitumie, kata elfu 20 yako." Kama pesa hiyo imetokana na wizi au kughushi, na wewe ulijua au ulipaswa kujua, unaingia kwenye utakatishaji fedha. Na utakatishaji fedha kwa sheria yetu ni kosa lisilo na dhamana. Maana yake unasubiri kesi ukiwa ndani. Makosa mengine yote kwenye hati yanaweza kuwa na dhamana, lakini hilo moja likiwemo, hutoki. Duka linafungwa, watoto wanabaki, kwa sababu ya elfu 20.

5. Kumwanika mtu mtandaoni. Umetapeliwa, una hasira, unaposti sura yake, namba yake, kitambulisho chake, na matusi juu. Kumbuka mwalimu wangu. Ukikosea mtu, umesambaza habari ya uongo. Hata usipokosea, kuna unyanyasaji wa mtandaoni kwenye sheria ya 2015, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Posti moja ya hasira inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Ukitapeliwa, fanya hivi

Usifute chochote. Sio meseji, sio namba, sio picha. Usiikate picha iwe nzuri, iache ilivyo.

Andika mtiririko siku hiyohiyo: saa ngapi kaanza kuongea, saa ngapi katuma picha, nani kabeba mzigo, nani kapokea.

Ipigie huduma kwa wateja ya mtandao wako haraka, na tuma ujumbe wa kitapeli kwenda 15040.

Nenda polisi, chukua RB, na eleza yote, hata yasiyokuhusu. Mimi karibu nisiseme habari ya picha ya mwalimu, niliona haina maana, nataka viatu vyangu tu. Kumbe hiyo ndio ilikuwa shtaka la tatu. Wewe eleza tukio, kuhesabu makosa waachie wenye kazi. Usiende kuwaambia waandike makosa mengi ili "akome." Shtaka lisilo na ushahidi linaanguka, na linaweza kuyayumbisha mengine.

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti leo. Na wakala akikwambia "haijasoma, weka tena," muulize kwanza inaonesha nini kwenye simu yake.

Na kabla ya yote hayo: salio kwanza, mzigo baadaye. Mteja akituma picha ya muamala, mshukuru, halafu fungua salio lako mwenyewe.

Mama

Wiki iliyopita mama alinipigia. Hakuniomba kitu. Alitaka nimweleze tena ile habari ya mashtaka manne, amweleze baba yake kijana ambaye anaamini mtoto wao anaonewa. Nikamweleza kwa ule mfano wa fremu na madeni matatu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo hakukukosea wewe peke yako."

Nikamwambia, "Ndiyo mama. Hakunikosea mimi peke yangu."

Mtumie muuzaji mwenzako hii, hasa yule unayemjua anauza kwa laini ya mtu. Kesho kutwa nitaandika namna ya kupata lipa namba na unachotakiwa kubeba. Salio kwanza, jamani. Usiku mwema.